Sura ya Nne: Daftari Likishafungwa

Msafiri atokaye Mpanda kuelekea kusini, akishaipita Sitalike na kuivuka Hifadhi ya Katavi, ambamo wakati wa kiangazi viboko hujazana katika vidimbwi vya Mto Katuma wakabanana ubavu kwa ubavu, huteremkia hatimaye katika bonde pana la Mpimbwe; na humo, ndani ya nchi ya mahindi na mpunga, ambako Wapimbwe wenye asili ya ardhi hiyo wanaishi pamoja na Wafipa na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, ndipo ilipo Kasansa. Hapo, jioni moja ya mwezi wa Agosti, nilionyeshwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu jambo ambalo kwa miaka mingi nimejaribu kulieleza darasani bila kufaulu kulieleza vizuri kama lilivyojieleza lenyewe siku ile.

Binti huyo alikuwa ameketi mkekani barazani kwao, daftari limefunguka magotini, akisoma kwa sauti maana ya osmosisi kwa Kiingereza, mara ya kwanza, mara ya pili, pengine mara ya kumi, huku mwili ukiyumba kidogo kama uyumbavyo mwili wa mwana chuo mbele ya msahafu. Nilipomwomba anisomee bila kutazama, alisoma pasipo kukosa hata neno. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili ni kitu gani hicho alichokisoma, aliinamisha uso akanyamaza. Hatua tatu tu kutoka pale, mama yake alikuwa akiwatengeneza perege wa Ziwa Rukwa kwa ajili ya kuwakausha: amewapasua migongo, amewanyunyizia chumvi kwa mkono uliozoea kipimo, na chini yao beseni lilikuwa limeanza kutuama maji.

"Maji haya, mwanangu, yametoka wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye samaki, mwalimu."

"Na nani aliyeyatoa?"

Akalitazama beseni, akalitazama daftari, kisha akalifunga daftari lake polepole, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. "Chumvi imeyaita," akasema.

Mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, akaongeza kwamba tangu zamani wao husema chumvi inakunywa maji, na kwamba samaki asiyenyweshwa vema huoza kabla ya kufika mnadani.

Mkaguzi wa mitihani hatatoa alama kwa neno "imeyaita", hilo nalikubali. Walakini ndani ya neno hilo mna jambo lote: mna pande mbili zilizotengwa na utando, mna kimiminiko kikali upande mmoja na hafifu upande wa pili, mna maji yanayosafiri kutoka kwenye wepesi wa chumvi kwenda kwenye wingi wake, na maadamu jambo limeingia, maneno yake rasmi hupata mahali pa kushika, kama kamba ipatavyo mti wa kufungwa. Kabla ya hapo maneno yale yalikuwa yakielea. Na ningependa msomaji wangu, awe mwanafunzi au mzazi wake, aangalie ni wakati gani hasa neno hilo lilipatikana: lilipatikana daftari lilipofungwa.

Aghalabu wanafunzi wetu wa sayansi hawashindwi kwa uvivu. Nimewaona wakinakili kitabu kizima cha biolojia kwa mkono kwa sababu nakala ni moja na wanafunzi ni wengi. Nimewaona wakikesha na taa ya sola isiyozidi ukubwa wa kiganja. Nimewaona wakipiga mstari kwa wino mwekundu chini ya kila sentensi hata ukurasa mzima ukawa mwekundu. Juhudi hiyo ni kubwa, na inanisikitisha kwa dhati kwamba sehemu kubwa yake hupotea, kwa kuwa imewekwa mahali pasipostahili. Kusoma tena na tena yale yaliyoandikwa huleta aina fulani ya uzoefu: jicho linautambua ukurasa kama linavyoutambua uso wa jirani, na moyo unajidanganya kuwa kutambua ndiko kujua. Lakini chumba cha mtihani hakikuletei uso uutambue; hukuletea karatasi nyeupe, kikataka uuchore uso huo kutoka kichwani mwako.

Jambo hili limepimwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885, alijitumia mwenyewe kuwa kifaa cha majaribio, akijifundisha silabi zisizo na maana yoyote na kuhesabu ni kiasi gani kilichosalia baada ya saa na baada ya siku. Akakuta kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, katika saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha mteremko hupungua ukali. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kisayansi wazisome. Baadhi ya habari hizo wanafunzi walizisoma mara ya pili, na baadhi, badala ya kuzisoma tena, walifunika karatasi wakaandika kila walichokikumbuka. Baada ya dakika 5, kusoma mara mbili ndiko kulikoongoza, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mizani ilikuwa imepinduka: habari zilizosomwa mara mbili zilikumbukwa kwa asilimia 42, na zile zilizoandikwa kwa kumbukumbu kwa asilimia 56. Na mtihani wa taifa, kama ajuavyo kila mzazi, haufanywi dakika 5 baada ya kusoma.

Watu wetu wa pwani hawakuwa na takwimu hizo, lakini katika vyuo vyao vya Kurani walikuwa na desturi iliyoelekea huko huko. Mtoto aliandikiwa somo lake ubaoni kwa wino, akalisoma hata akaliweza, akaenda mbele ya mwalimu kulitoa kifuani. Na alipolitoa sawasawa, ubao ulioshwa, likaandikwa somo jipya. Kuoshwa kwa ubao kulikuwa ndiko kipimo. Tena lugha yetu imeihifadhi hekima hiyo katika neno moja, kwa maana kudurusu, darasa na madrasa ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na anayedurusu ni yule anayerudia somo kwa kulifanyia kazi. Iko tofauti ambayo lazima niibainishe, nisije nikafahamika vibaya: kule chuoni lililotakiwa lihifadhiwe ni lafudhi yenyewe, herufi kwa herufi, kwa kuwa ni maneno matukufu, ilhali katika sayansi lafudhi ya kitabu haina utukufu wowote, na linalotakiwa kuhifadhiwa ni jambo lililo nyuma yake.

Basi mwanafunzi na afanye hivi. Siku ile ile aliyofundishwa somo, kabla ya kulala, alifungue daftari kwa muda mfupi tu, alisome mara moja kwa utulivu, kisha alifunge, achukue karatasi chakavu au, kama karatasi ni adimu, kipande cha mkaa na sakafu ya baraza, aandike yote aliyobaki nayo: mchoro wa moyo wenye vyumba vyake vinne, mlinganyo wa asidi na besi, kanuni ya Ohm na kila herufi yake inasimamia nini. Kisha alifungue daftari na kutazama alipokosea. Pale alipokosea ndipo pa kusoma usiku ule, penginepo paachwe. Baada ya siku mbili arudie, baada ya wiki arudie, baada ya mwezi arudie, na kila mara aanze na daftari likiwa limefungwa. Ataona kwamba kazi hii inachosha kuliko kusoma, na asiogope, maana uchovu huo ndio dalili kwamba akili inanyanyua mzigo wenyewe.

Wakulima wa Mpimbwe wataniuliza mtoto ataupata wapi muda, na swali lao ni la haki. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hivi, kuna kupanda, kisha kuna palizi. Mpunga ukianza kutoa masuke kuna kuamia ndege tangu alfajiri. Na mtoto wa nyumba hawezi kukaa na kitabu huku chakula cha mwaka kinaliwa na kwelea kwelea. Lakini njia hii ninayoieleza ina fadhila moja ambayo kusoma kwa mistari myekundu hakuna: haihitaji kitabu mkononi. Nilimjua kijana mmoja aliyekuwa akienda kuamia ndege na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne katika mfuko wa shati, kimeandikwa maswali matano wala si majibu, na kati ya kundi moja la ndege na jingine alijiuliza swali, akajijibu kwa sauti kubwa, akapiga debe lake, akajiuliza la pili. Jioni alikwenda kusahihisha. Saa zile za shambani, ambazo wenziwe walizihesabu kuwa zimepotea, kwake zilikuwa ni darasa. Ama kukesha usiku kucha kabla ya mtihani, hilo ningelikataza kabisa, kwa sababu ni usingizini ambamo akili hupanga na kukaza yale iliyoyapokea mchana, na anayeukata usingizi wake anaikata elimu yake.

Nimekwisha kuligusa suala la lugha, nami siwezi kulipita, kwa kuwa naliona ndilo jiwe kubwa kuliko yote katika njia ya mtoto huyu. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Nyumbani pengine kinasemwa Kipimbwe au Kisukuma. Anapoingia kidato cha kwanza, kwa ghafla, fizikia na kemia na biolojia zote zinamjia kwa Kiingereza. Rai yangu juu ya sera hiyo nimeieleza kwingine. Hapa nataka kusema na mwanafunzi ambaye mtihani wake ni mwaka huu, na ambaye hawezi kuzingoja sera zibadilike. Hatari iliyo kubwa si lile neno la Kiingereza asilolijua kabisa, kwa kuwa hilo atalitafuta. Hatari ni lile analodhani analijua. Katika Kiswahili cha nyumbani, anayesukuma mkokoteni ana nguvu, betri ya redio ina nguvu, na injini ya mashine ya kukoboa ina nguvu. Lakini mwanafizikia hutenga kani inayosukuma, nishati inayohifadhiwa na kutumika, na kadiri ya kazi inayotendeka kwa kila sekunde, na hivyo ni vitu vitatu vyenye vipimo vitatu. Vivyo hivyo sisi tunasema uzito tukimaanisha tungamo na uzito kwa pamoja, ilhali gunia la mahindi lingepelekwa mwezini tungamo lake lisingebadilika na uzito wake ungekuwa karibu sehemu moja ya sita. Na tunasema joto tukimaanisha joto lenyewe na halijoto, ingawa chungu kizima cha maji ya vuguvugu kinaweza kuwa na joto jingi kuliko kijiko cha maji yanayochemka.

Kwa hiyo mwanafunzi apige safu tatu katika kurasa za nyuma za daftari lake. Katika safu ya kwanza aliandike neno kama litakavyokuja kwenye mtihani. Katika ya pili alieleze kwa Kiswahili chake mwenyewe, na kama ataipata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, amepata msaada mkubwa. Katika ya tatu, ambayo mimi naithamini kuliko zote mbili, aandike mahali alipokiona kitu hicho kwa macho yake: perege na chumvi kwa osmosisi, kutu ya jembe kwa oksidisho, majani ya mhogo yanayonyauka adhuhuri kwa upotevu wa maji. Safu ya tatu isipojaa, ajue kwamba neno hilo bado linaelea.

Na nchi ya Rukwa ina mengi ya kuijaza safu hiyo. Katika fizikia ya kidato cha nne mwanafunzi husoma unururifu, kwamba urani na thori huoza zikatoa chembe za alfa, na kwamba chembe ya alfa si kingine bali ni kiini cha heli. Akasoma na kusahau, kwa kuwa anadhani habari hizo ni za Ulaya. Lakini mwezi wa Juni 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kuwa heli nyingi imekusanyika chini ya bonde la Rukwa: imezaliwa katika miamba ya kale kwa kuoza kule kule kwa urani na thori, ikafunguliwa na joto la bonde la ufa, ikapanda kuelekea juu na kunaswa ardhini. Bonde hilo la ufa ndilo lililoitikisa nchi tarehe 13 Desemba 1910 kwa tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa barani Afrika, na ndilo linalozichemsha chemchemi za Majimoto ambazo mtoto wa Kasansa amezisikia tangu utotoni. Mwalimu anayelifundisha somo la mawimbi, au la joto, au la atomu, bila kuwaambia wanafunzi wa Mpimbwe kwamba wamelikanyaga somo hilo kwa miguu, amewanyima urithi wao.

Ipo tabia nyingine, nayo ni kuuliza. Mwaka 1963 katika shule ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu jina lake Erasto Mpemba alikuwa pamoja na wenziwe wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Utaratibu ulikuwa kungoja maziwa yapoe. Lakini nafasi katika jokofu zilikuwa zikiisha, naye kwa kuchelea kuikosa akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi maziwa yake yalikuwa yameganda na ya mwenziwe, aliyeyaingiza yakiwa hayakuchemshwa, bado. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena alipofika Mkwawa, Iringa, akachekwa. Alipokuja kuizuru shule hiyo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijana akasimama mbele ya watu wote akauliza tena; na Osborne, kwa sifa ambayo haisemwi vya kutosha, alikwenda akajaribu. Makala yao wawili ilichapishwa mwaka 1969, na hata leo wanafizikia wanahojiana juu ya jambo hilo, wengine wakilithibitisha na wengine, kwa vipimo vya makini, wakilitilia shaka.

Hekaya hii husimuliwa sana kwa ajili ya fahari ya taifa, nami fahari hiyo ninayo. Lakini kwa mwanafunzi natia mkazo kwingine: Mpemba hakuanza na ujuzi mwingi kuliko wenziwe. Alianza na kuona kwamba aliyoyafundishwa na aliyoyaona hayakulingana, akakataa kulitupa mojawapo kwa ajili ya amani. Wanafunzi wengi huona kutolingana huko kila juma, wakajiona wao ndio wajinga, wakanyamaza. Nakushauri, mwanafunzi, uwe na ukurasa mmoja wa maswali ambayo hayajajibiwa, wenye tarehe, na usione haya ukirefuka.

Lakini maabara? Nimelisikia swali hilo Kasansa kama nilivyolisikia kwingi. Wakati wa Rais Kikwete liliagizwa kwamba kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi walichanga na kufyatua matofali. Mahali pengi majengo yalivitangulia vifaa, na bado iko mikono ya vijana ambayo haijapata kuishika bureti. Upungufu huo ni dhuluma kwa watoto, na haifai kuufunika kwa maneno mazuri. Hata hivyo yako majaribio ambayo hayangoji bureti. Maua ya choya yakichemshwa hutoa maji mekundu. Yatilie ndimu, hubaki mekundu. Yatilie magadi, hugeuka yakaelekea buluu na kijani, na tayari unacho kiashirio cha asidi na besi jikoni kwa mama yako.

Siku ya pili ya ziara yangu tulifanya jingine. Chini ya mwembe, wanafunzi sita, kamba ya katani, jiwe la ukubwa wa ngumi. Tulipima mita 1 kutoka tawini hadi katikati ya jiwe, tukalivuta kidogo upande, tukaliachia, na kila mmoja akahesabu miyumbo 20 ya kwenda na kurudi huku akitazama saa ya simu. Watano walipata sekunde 40, wengine ikizidi kidogo na wengine ikipungua. Mmoja alipata 38, akaona haya, akataka kuyafuta na kunakili ya jirani yake. Nikamzuia, nikamwomba ahesabu tena kwa sauti. Jiwe lilipoachiwa tu, akasema "moja". Binti wa perege ndiye aliyeligundua: "Umelihesabu kabla halijayumba. Anza na sifuri." Akaanza na sifuri, akapata 40. Naapa kwamba hakuna mmoja kati ya sita wale atakayerudia kosa hilo katika mtihani wowote wa vitendo.

Kisha tukaifupisha kamba ikawa sentimita 25. Niliwaomba wabashiri kwanza na kuandika ubashiri wao, madaftari yamefungwa. Wengi waliandika 10, kwa kuwa robo ya urefu waliona itazaa robo ya muda. Jiwe likayumba haraka haraka, wakahesabu, wakapata 20. Wakatazamana. Wakapima tena kamba, wakahesabu tena, 20. Kijana mmoja akaanza kuchora mchangani meza ya urefu na muda, akataka kujaribu sentimita 50, na mwingine akasema kwamba kosa liko kwenye jiwe, ni jepesi mno, likiwa zito litakwenda kwa muda mwingine kabisa. Wakabishana. Mimi sikusema neno. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya safu ya vilima, ng'ombe wanarudi na vumbi lao, na binti yule alikuwa amekwisha kuondoka mbio kuelekea nyumbani kwao kutafuta jiwe la kusagia.